Nguzo ya Kona ya Jiko

14 Januari

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kuwa mimi na simu tumeshaachana. Juzi ulipopiga nilisikia sauti kama ya nyuki ndani ya ndoo, nikawa najibu "ndiyo, ndiyo," kumbe ulikuwa unauliza kama nina homa. Miaka arobaini ya kusimama kando ya mashine ya kuchanganya zege haikuniachia masikio. Lakini macho yapo na mkono bado unaandika, basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako amerudi nyumbani. Amekuja na watoto wake wawili, masanduku matatu, na jicho la kushoto limevimba. Sikumuuliza kitu. Mama yako naye hakuuliza, alimtengea maji ya kuoga tu. Kwa yule bwana harudi tena, hilo tumekwisha kulimaliza. Wanalala sebuleni, wote watatu kwenye godoro moja, na asubuhi mtu akitaka kwenda jikoni sharti awaruke kama anayevuka mtaro.

Kwa hiyo nimeamua kupandisha ghorofa. Vyumba viwili tu, juu ya sebule na jiko, ngazi ipite nje. Ramani nimechora mwenyewe na nimeipeleka halmashauri. Karani wa dirishani akanieleza kwamba faili litazunguka idara tano, na moja ya hizo ni hukohuko kwenu makao makuu, kwa wahandisi. Nikamuuliza litachukua muda gani. Akacheka. Mwanangu, mtu akikujibu kwa kicheko, ujue jibu lenyewe ni baya.

Sasa wewe uko ndani. Likifika mezani kwenu, lisukume kidogo. Sikuambii uvunje sheria. Nasema tu lisilaliwe na mengine.

Baba yako,
Fundi Timazi

Mimi ni Mama, naandika hapa chini kwa sababu baba yako amemaliza karatasi yote. Kula, mwanangu. Mara ya mwisho ulikuja umekonda kama ufito. Mdogo wako ameanza kucheka kidogo.

*

3 Februari

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mwambieni mdogo wangu nampenda, na kwamba nikikutana na yule bwana njiani sijui nitakachofanya.

Kuhusu faili, Baba, siwezi. Nisikilize kwanza kabla hujakunja uso. Mwezi huu nimeteuliwa kwenye kamati ya kurekebisha kanuni za vibali na ukaguzi wa nyumba za kuishi. Tuko saba, na mdogo kuliko wote ni mimi. Tumepitia mafaili ya miaka mitano. Nyumba ya kawaida, ya mtu wa kawaida, inangoja kibali miezi kumi na minne. Nani anangoja miezi kumi na minne? Watu wanajenga, halafu mkaguzi anafika nyumba ikiwa imekwisha, nondo zimefunikwa na zege, plasta imepigwa. Anabaki kukagua rangi. Sisi tunataka dirisha moja, siku thelathini, na mkaguzi afike kabla ya zege kumwagwa.

Wapo wakubwa wasiotaka. Kila muhuri una mwenyewe, na mwenyewe hataki kunyang'anywa. Wananitafutia kosa kwa tochi. Nikisukuma faili la baba yangu mzazi, nitakuwa nimewakabidhi fimbo ya kunichapia mimi na kanuni zote.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukuta ukipinda kidole kimoja chini, juu utapinda mkono mzima. Basi niache nisimame wima. Nakuomba ungoje. Usiweke hata tofali moja.

Mwanao

*

11 Machi

Mheshimiwa Mhandisi,

Barua yako tumeipata. Mama yako aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili akipaza kwa ajili yangu, na majirani wote sasa wanajua kwamba binti yetu ni mtu wa kamati.

Sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaacha. Ni kweli nilikufundisha hivyo, na mkuki kwa nguruwe sasa umenirudia. Nitangoja.

Ila ujue kungoja kulivyo. Mvua imeanza. Mjukuu wangu mkubwa amekohoa wiki tatu kwa sababu mlango wa sebule unapitisha upepo pale chini wanapolaza vichwa. Mdogo wako anaamka kabla ya watu wote na kukunja godoro, ili asionekane kuwa mzigo. Jana nilimkuta amelikumbatia lile godoro, amesimama nalo katikati ya chumba, hajui aliweke wapi. Mtu mzima, na watoto wawili. Jirani yetu wa kulia anajenga ukuta na chumba cha nyuma bila hata karatasi moja, na mimi fundi niliyejenga nusu ya mtaa huu naangalia mvua.

Basi. Nimesema nitangoja.

Baba yako,
Fundi Timazi

Mama hapa. Mtoto amepona kikohozi, usihangaike. Baba yako ana shughuli nyingi, anarudi viatu vimejaa saruji. Anasema anamsaidia jirani ukuta wake. Mimi sisemi kitu.

*

19 Mei

Baba, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu naianza, mbili nimezichana. Nakuuliza jambo moja na nataka unijibu kwa maandishi: hujaanza kujenga, sivyo?

Nauliza tu. Kamati imefika pagumu, tunazungumza kila siku habari za nyumba za zamani zilizojengwa kwa ajili ya paa la bati, halafu watu wanazipandishia vyumba. Ya kwetu uliijenga kabla sijazaliwa. Sisemi una makosa, wewe ni fundi kuliko sisi sote humu ofisini. Nasema kibali kitakapotoka kitakuwa na maelekezo yake. Yasome yote ndipo uanze. Usianze kabla ya hapo, Baba, nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi.

Mama, wewe ungeniambia, sivyo?

Mwanao

*

27 Mei

Mwanangu,

Swali lako ni la kituo cha polisi. Fundi haulizwi hivyo na mtoto aliyembeba mgongoni kwenda kumwonyesha msingi unavyochimbwa.

Lakini umeomba jibu kwa maandishi. Sijaanza.

Faili bado liko idara ya maji. Nimekwenda mara nne. Mwenye muhuri yuko kwenye semina. Nikauliza, semina ya nini? Wakasema ya kuharakisha huduma.

Sisi wazima. Watoto wameanza kuniita Babu Timazi.

Baba yako,
Fundi Timazi

Mama hapa. Mwanangu, jitahidi uje mwezi ujao hata siku mbili. Baba yako anataka kukushangaza. Nimesema mno, nafunga mdomo.

*

1 Julai

Baba,

Nimefika salama, na kazini nimerudi jana. Wenzangu walisimama wote nilipoingia. Nikawaambia asanteni, nikakaa, nikafungua faili la mtu, na nilipotazama saa ilikuwa jioni na nilikuwa bado ukurasa wa kwanza.

Tulipoachana kituoni ulinishika mkono ukaugeuza, ukatazama kiganja kana kwamba kimeandikwa kitu, ukaniachia. Wiki tatu nilizokaa hapo nyumbani hukuniambia ilivyokuwa, na mimi sikukuuliza. Niliyoyajua ameniambia mdogo wangu, siku ile tulipokuwa tukifua shuka za Mama. Kwamba tarehe nne ya Juni, saa tano asubuhi, watoto walikuwa nje. Yeye mwenyewe alikuwa ametumwa dukani kununua sabuni. Wewe ulikuwa nje, kwenye ngazi, unaondoa miti iliyoshikilia zege la juu, kwa kuwa siku zake zilikuwa zimetimia. Mama alikuwa jikoni ameweka maji motoni. Ukatoa mti wa nne. Nguzo ya kona ikakaa chini, kama mtu aliyechoka, na zege lote likaifuata.

Anasema ulichimba kwa mikono. Nimeziona kucha zako, Baba.

Kula, hata kama huna hamu. Mdogo wangu atakuwa ananiandikia kama unakula.

Mwanao

*

16 Agosti

Mwanangu,

Nilikudanganya. Nianze na hilo kabla mkono haujaniacha.

Nilianza kujenga mwezi wa tatu, wiki ileile niliyokuandikia kwamba nitangoja. Mama yako alinisihi nikuambie. Nikamwambia, akijua itabidi anizuie, na akinizuia atakuwa na dhambi ya watoto kulala chini. Asipojua, hana dhambi. Nilijiona nina hekima. Ule mshangao niliotaka kukupa ulikuwa huo: ufike, upande ngazi, umkute mdogo wako ana mlango wake wa kufunga na kufungua.

Siku hizi silali ndani. Paa la chumba cha nyuma lipo, mdogo wako na watoto wamo humo. Mimi naketi kibarazani mpaka macho yafunge yenyewe. Watu wanakuja kunipa pole na kusema ni kazi ya Mungu. Namheshimu Mungu, lakini ile miti niliitoa mimi.

Sasa sikiliza nililotaka kukuandikia. Jana kibali kimefika. Ndiyo, kimefika. Mleta barua alisimama mbele ya kifusi, akatazama bahasha, akatazama kifusi, akaniuliza kama nyumba ndiyo hii. Nikasema ndiyo hii. Nikatia sahihi.

Idara zote tano zimekubali. Na nyuma yake kuna karatasi ya maelekezo, ina mstari mmoja. Nakunakilia ulivyo: "Nguzo ya kona ya jiko haitoshi kubeba ghorofa. Kitako chake kichimbuliwe na kupanuliwa kabla ya kazi yoyote kuanza." Tarehe ni kumi na mbili Mei.

Nimehesabu. Ni siku ishirini na tatu kabla ya siku ile.

Mwanangu, yuko mtu hapo kwenu ambaye hajawahi kuingia jikoni kwetu, ameangalia karatasi tu, na akaiona. Anajua kazi. Zege la juu lilikuwa bado halijamwagwa siku hiyo. Nilimwaga tarehe kumi na nne. Je, unamjua? Sina ugomvi naye. Nataka nimuulize kitu kimoja tu. Ulipoona, uliinuka kwenye kiti?

Baba yako

*

29 Agosti

Baba,

Namjua.

Faili letu lilifika mezani kwangu tarehe kumi na mbili Mei, asubuhi. Nililitambua kabla ya kusoma jina, kwa zile namba saba zako zenye mkia. Kanuni inasema ukikuta faili la ndugu ulifunge na umkabidhi mwenzako. Sikulifunga mara moja. Nilitaka kuiona nyumba yetu. Nikapitisha kidole mlangoni, sebuleni, nikaingia jikoni, na nikaiona ile nguzo.

Uliuliza kama aliyeona aliinuka kwenye kiti. Niliinuka, Baba. Niliinuka nikampelekea mwenzangu wa meza ya pili lile faili, nikarudi nikakaa. Yeye akaona nililoliona, akaandika mstari ule. Mwandiko ni wake. Macho ya kwanza yalikuwa yangu.

Mwombaji hapewi maelekezo mpaka idara zote tano zisaini. Ndivyo kanuni ilivyokuwa. Na maji walikuwa hawajasaini. Nilijiambia: waombaji wengine hawaambiwi, kwa nini wa kwangu aambiwe? Nilijiambia: Baba amesema atangoja. Wiki nzima nikajiambia hivyo. Halafu nikakuandikia ile barua ya kuzungukazunguka, habari za nyumba za zamani, nikidhani nimepata njia ya kukuonya bila kuvunja kitu. Neno nguzo sikuliandika. Lilikuwa kwenye mojawapo ya zile barua mbili nilizochana.

Na kuna lingine. Barua yenu ya mwisho ilinifika tarehe tatu Juni, mchana. Niliposoma mstari wa Mama, kwamba unataka kunishangaza, nilielewa. Nilielewa palepale, nikiwa nimesimama mlangoni na bahasha mkononi. Nikampigia simu mdogo wangu, haikupokelewa. Nikaitwa kwenye kikao cha kamati. Tulikuwa tunajadili siku thelathini ziwe thelathini kweli au arobaini na tano. Nikasema moyoni, nitapiga kesho.

Kesho yake saa nne nilipiga. Mdogo wangu akaniambia, "Niko njiani kwenda dukani, nikirudi nitampa Mama simu muongee." Sikumwambia kitu, nilisema sawa. Nilitaka kumwambia Mama mwenyewe.

Mwanao

*

6 Novemba

Baba,

Miezi miwili na siku nane. Mdogo wangu anasema unakula, na kwamba barua yangu uliisoma ukaiweka ndani ya kofia, na kofia huivui wala husemi. Sikulaumu. Nakuandikia kwa kuwa nina jambo ambalo sitaki ulisikie kwa watu.

Jana kamati ilisoma mapendekezo yake mbele ya wakubwa. Kifungu cha tisa nimekiandika mimi: mkaguzi akiona hatari, mwenye nyumba aambiwe siku hiyohiyo, kwa simu, kwa miguu, kwa vyovyote, hata kama idara nyingine zote zimelala. Mkubwa mmoja akasema huo ni uharaka usio na sababu, je, tuna mfano hata mmoja? Mwenzangu wa meza ya pili akanitazama. Nikasimama.

"Tunao," nikasema. "Faili la tarehe kumi na mbili Mei."

"Na huyo mwombaji alipata madhara gani?"

"Mwombaji mwenyewe yu hai, mheshimiwa. Mkewe alikuwa jikoni."

"Wewe umeyajuaje hayo yote?"

"Ni mama yangu. Na hatari niliiona mimi."

Hapakuwa na swali jingine. Kifungu kimepita, na vingine vyote vimepita. Dirisha moja, siku thelathini, mkaguzi ndani ya siku tatu kabla ya zege. Watu walipiga makofi. Nilitoka nje wakiendelea kupiga. Kisha nikapeleka barua ya kujitoa kwenye kamati. Kazini bado nimo, nitakaa mpaka waamue.

Sikuombi jibu.

Mwanao

*

20 Desemba

Mwanangu,

Barua yako ya Agosti niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kukutamkia neno ambalo mzazi akishalitamka halirudi. Nilikwenda mpaka mlango wa posta na karatasi mfukoni, nikarudi. Ndiyo maana nimenyamaza. Kunyamaza kulikuwa ndiyo heri niliyobaki nayo.

Sasa na mimi nina langu, na sijamwambia mtu, hata mdogo wako.

Siku mbili kabla ya siku ile, Mama yako alitoka jikoni akanivuta mkono. Akanisogezea kinywa karibu na sikio. "Kuna kitu kinalia ndani ya ile nguzo," akasema. "Tik, kinanyamaza. Tik, kinanyamaza." Nikaenda nikasimama. Mimi sikusikia kitu, wewe unajua nisivyosikia. Ningeweza kumwamini. Alikuwa na masikio mazima, hakuwahi kunidanganya tangu nilipomwoa. Lakini yeye si fundi, fundi ni mimi. Nikaweka kiganja ukutani kama daktari, nikamwambia, "Saruji inajivuta, ndivyo inavyokauka." Akaniuliza, "Itabeba?" Nikasema, "Itabeba."

Akaniamini. Akarudi kupika.

Kwa hiyo karatasi yako ingefika ama isingefika, onyo nilipewa, kwa sauti, na mtu aliyesimama chini yake. Usijifariji kwa haya, sikuandiki ili ufarijike. Ulipaswa kupiga simu ile. Nitakufa nikisema ulipaswa kupiga simu ile. Ila sitaki ubebe peke yako mzigo ambao upande mmoja nimeushika mimi.

Nikuambie la jana. Jirani wa kulia amejenga chumba chake cha nyuma mpaka usawa wa zege. Alikuwa amesimamisha kazi, na safari hii akaomba kibali kwenye lile dirisha lenu jipya, kwa sababu ya mambo yaliyotokea kwetu. Mkaguzi alikuja siku ya pili tu baada ya kuitwa, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira. Akainama, akazigusa nondo moja moja, akaguna. Akasema hazitoshi, hakuna zege leo. Jirani akapandwa na hasira. Wachanganyaji wapo, maji yapo, mchanga umeshafika! Akageuka kwangu ng'ambo ya ukuta. "Fundi, mwambie huyu mama! Zimepungukiwa nini hizi?"

Nilitaka kujibu. Nikakuta nalia. Mzee mzima, mbele ya watu, kofia mkononi. Yule mkaguzi hakujua mimi ni nani. Akaniletea ndoo niikalie. Jirani akatazama kifusi chetu, akatazama zile nondo, akawaambia wachanganyaji waende nyumbani.

Kama mtu yule angekuja kwetu mwezi wa nne, ningemtukana pia. Kisha ningepanua kitako.

Sijakusamehe, mwanangu, na mimi mwenyewe sijajisamehe, wala sijui kama ni kitu kinachokuja kwa kungojwa. Mdogo wako anasema nikuite uje. Na mimi nakuita. Chumba chenye paa kimebaki kimoja, tutalala humo wote watano. Utaniudhi na nitakuudhi.

Njoo.

Baba yako